Riwaya mpya kabatini: ya historia isome na ya mizimu

Mwezi huu nimeongeza riwaya tano kwenye kabati langu, mbili za historia na tatu za mizimu na miujiza, na kwa vile watu wananiuliza sana waanzie wapi nimeona niandike kile kilichonisaidia mimi mwenyewe.

Zamani nlikua nasoma kwa mafungu. Nikishika historia ni historia tu, vitabu vitatu mfululizo vya ukoloni na utumwa mpaka moyo unakua mzito naacha njiani, nikishika vya majini navyo ni majini tu mpaka vyote vinafanana. Sasa hivi nasoma viwili viwili. Nikimaliza cha historia nashika papo hapo cha miujiza kinachogusa jambo lile lile, na tangu nianze hivo sijaacha kitabu katikati.

Chukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Ilitoka kwa Kiingereza 1994, yeye akapata tuzo ya Nobel ya fasihi 2021, afu Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili na wachapishaji Mkuki na Nyota wakaitoa 2022. Kama ya Kiingereza ilikushinda, tafuta hii. Yusuf ana miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz anayedhani ni ndugu yao, kumbe baba yake anadaiwa na mtoto ndo rehani ya deni. Nlikua namsomea bibi yangu mzaa mama barazani jioni maana macho yake hayaoni vizuri, tukafika pale Khalil, kijana anayeuza duka la Aziz, anapomwambia Yusuf kwamba yule sio ndugu yako, yule mwite seyyid, yaani bwana mkubwa. Bibi akaweka kikombe cha kahawa chini. "Hebu rudia hapo." Nikarudia. Akakaa kimyaa, afu akaanza kunihadithia mtoto mmoja wa mtaani kwao aliyeletwa nyumba ya wenye nazo eti kulelewa, na yeye ndo alikua anachota maji ya nyumba nzima na kulala jikoni, na hakuna aliyewahi kusema kwa nini wazazi wake hawaji kumchukua. Miaka yote niliyoishi naye sijawahi kuisikia habari hiyo! Kwa hiyo kama una mtu mzima nyumbani, riwaya ya historia msomee kwa sauti, usijifungie nayo chumbani.

Baada ya hapo nikachukua Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya 1952. Nlishaisoma utotoni nikabaki na manyani tu kichwani, wale wawili ambao Adili anawachapa viboko kila usiku na kumbe ni ndugu zake wa damu waliogeuzwa. Safari hii, nikiwa nimetoka kwa Yusuf, iliniuma kweli. Kule mtoto anaambiwa huyu sio nduguyo, huku ndugu wa tumbo moja wanataka kukuua kwa husuda.

Kuli ya Adam Shafi (1979), inayofika mpaka mgomo wa makuli wa bandari ya Unguja wa 1948, mi naifunga pamoja na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Humo kuna mkubwa mmoja anaitwa K, anaishi kwa anasa, na mzimu wa babu yake unamtokea na kumzungusha aone nchi ilivyo. Ukitoka kwenye jasho la makuli ukaingia kwa huyu K, hata mzimu huuoni kama kitu cha ajabu, unaona una haki ya kuuliza.

Ila kwenye Kuli nlipigwa. Nliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, bei nzuri, picha ya jalada safi kabisa, ikaja fotokopi iliyobanwa pini na kurasa kadhaa za katikati hazimo. Riwaya nyingi za zamani ni ngumu kupata kwa hiyo tamaa inakuja haraka, lakini kabla hujatuma hela mwambie muuzaji akurekodie video akifunua ukurasa kwa ukurasa, akikataa achana naye. Nakala nzima nimekuja kuipata kwa wauza vitabu vya mtumba, na hapo hapo barabarani nikahesabu kurasa zote kabla ya kulipa.

Nagona ya Kezilahabi (1990) weka mwisho. Ni kembamba kinadanganya, msimulizi anakutana humo mpaka na wanafalsafa wa kale kina Plato na Socrates, na ukitaka kuelewa kila sentensi utakitupa. Soma mara ya kwanza kama unavyosikiliza ndoto ya mtu, bila kumkatiza, ya pili ndo uanze kuuliza. Mimi niko ya pili sasa, na Mzingile, riwaya yake nyingine ya 1991, bado naitafuta.

Bibi ameshauliza mara mbili Kuli tunaanza lini, maana marehemu babu alibeba magunia bandarini.