Re: Vijana wa dukani hawamalizi miezi mitatu, nifanyeje?
Pole mkuu, hao vijana wako wa duka la vifaa vya ujenzi hapo Mwanjelwa sio wavivu. Mimi nina gereji Uyole, walikuwa wananikimbia hivyohivyo mpaka siku nikamkalisha mmoja nikamuuliza, akasema bosi mshahara sio mbaya ila mwezi huu unatoa tarehe 5 mwezi ujao tarehe 17 na mwenye nyumba haelewi hayo. Iliniuma sana aisee. Sasa hivi tarehe haibadiliki, mkataba wa maandishi upo, NSSF anakatwa asilimia 10 na mimi naweka 10, likizo siku 28 kama sheria ya ajira ya 2004 inavyotaka. Na usimfokee mbele ya wateja, mwite pembeni. Mfundishe na kuagiza mzigo, asibebe saruji tu kila siku.