Mtoto hadaki mpira? Anza na macho yake

Nilipoanza kufundisha chekechea nilikuwa na mtoto wa miaka minne aliyenisumbua moyo. Kila nikimrushia mpira ananyoosha mikono mbele, vidole vimekakamaa, uso anaugeuzia begani na macho anayafumba. Mpira unamgonga kifuani, unaanguka, ndipo mikono yake inakutana ikiwa mitupu. Nami napaza sauti: "Angalia mpira!" Kisha namrushia tena vilevile.

Siku moja nilipiga magoti kando yake ili nimshike mikono, na mwenzangu akaturushia mpira akiwa amesimama. Kutoka chini kule niliuona ukitokea juu, ukija moja kwa moja usoni. Nami nilipepesa macho. Tangu hapo sijamwambia mtoto yeyote "angalia mpira" kwa ukali, maana kufumba macho ni mwili kujilinda.

Kudaka kunaanza kabla mikono haijasogea. Jicho lifuate mpira, ubongo ukadirie kasi yake na mahali utakapofika, ndipo viganja vifunguke kwa wakati. Kwa mtoto mdogo hesabu hiyo huchukua muda mrefu kuliko kwetu. Mpira umeshafika, yeye bado anaukadiria. Kwa hiyo tuliache kwanza suala la mikono, tupunguze mwendo wa kile anachokitazama.

Mimi huanza na kitambaa chepesi au puto. Puto hushuka taratibu, mtoto anapata nafasi ya kulifuata kwa macho, kusogeza miguu, kisha kuinua mikono. (Likipasuka okota vipande vyote papo hapo, maana vinaweza kumkaba koo, na usimwache nalo peke yake.) Baadaye tunakaa chini miguu tumeitanua, tunaviringishiana mpira sakafuni. Akishazoea, naudundisha mara moja kati yetu. Kurusha hewani kunakuja mwisho: mpira mkubwa na laini, wenye rangi isiyofanana na ukuta ulio nyuma yangu, nikiurusha kutoka chini ya kiuno, hatua mbili tu kutoka kwake.

Yule mtoto alipoukumbatia mpira kifuani macho yakiwa wazi, nilishangilia kwa dhati. Watu wazima wengi huona kukumbatia ni kosa la kusahihishwa, kumbe ni hatua halisi. Kudaka kwa viganja peke yake, kwa watoto wengi, huja kwenye miaka 6 au 7.

Usawa wa mwili nao ni hivyohivyo. Kusimama kwa mguu mmoja kunategemea macho, sikio la ndani, na taarifa zinazotoka kwenye misuli na viungo. Mtoto anayeyumba mpe kitu cha kutazama, hata alama ya chaki ukutani kwenye usawa wa macho yake, utaona anavyotulia. Kwa kawaida mtoto huruka kwa miguu miwili akiwa na miaka 2 hivi, na kurukaruka kwa mguu mmoja akikaribia 4. Miezi kadhaa huku au kule isikutie hofu.

Na maneno yetu yapungue. "Kunja magoti, inua viwiko, kaza tumbo" humfanya mtoto asimame kama mti. Nikimwambia "tua bila kishindo, kama paka", magoti yanajikunja yenyewe, na sikio lake linamwambia kama amefaulu.

Jambo linaloniuma zaidi ni foleni. Watoto ishirini, mpira mmoja, kila mmoja anaugusa mara mbili kipindi kikaisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili kila siku, na angalau 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya aheme. Foleni haitupeleki huko. Kunja karatasi kuukuu, zifunge ziwe mipira, kila mtoto awe na wake.

Ukifanya yote haya kwa subira na mtoto bado anajikwaa kila mara, anatumia upande mmoja tu wa mwili, au anapoteza alichokuwa anakiweza, mpeleke kwa mtaalamu wa afya, na macho yapimwe. Niliwahi kuwa na msichana ambaye hata puto lilimpita. Nikaona anainamisha kichwa upande mmoja kila akitazama kitu, nikawashauri wazazi wake. Alirudi na miwani. Asubuhi ile nilimrushia puto, naye hakulidaka. Alisimama mikono chini, kidevu juu, akalitazama likishuka mpaka likagusa sakafu, kisha akaniambia, "Mwalimu, rusha tena."