Uwezekano wa matukio tegemezi: kabla ya kuzidisha, angalieni kilichobaki

Ninyi mnaoanza mada ya uwezekano, lisomeni swali kwa utulivu kabla ya kukimbilia kanuni. Maneno "bila kurudisha" huyafanya matukio kuwa tegemezi, yaani tokeo la kwanza hubadilisha uwezekano wa la pili, na hivyo hubadilisha hesabu nzima, na wakati mwingine hayaandikwi kabisa: swali likisema kwamba gololi mbili zimetolewa kwa pamoja, au kwamba watu watatu wamechaguliwa kuunda kamati, maana ni ileile, kwa kuwa aliyekwisha kuchaguliwa hachaguliwi tena.

Chukueni mfuko wenye gololi nyekundu 5 na za buluu 3. Uwezekano wa kutoa nyekundu kwanza ni 5/8. Ikitoka nyekundu na isirudishwe, mfukoni hubaki gololi 7, nyekundu zikiwa 4, hivyo uwezekano wa kutoa nyekundu nyingine ni 4/7, na wa zote mbili kuwa nyekundu ni 5/8 × 4/7 = 20/56. Lakini ya kwanza ikiwa ya buluu, nyekundu zote 5 bado zimo, na sehemu inayofuata ni 5/7. Kosa ninalolikuta mara kwa mara katika madaftari ni la mwanafunzi aliyekariri kwamba kiasi (namba ya juu ya sehemu) na asili (namba ya chini) hupunguzwa moja moja kila hatua. Asili hupungua daima. Kiasi hutegemea kilichotoka.

Msirahisishe sehemu mapema. Nyekundu mbili ni 20/56, nyekundu kisha buluu ni 15/56, buluu kisha nyekundu ni 15/56, na buluu mbili ni 6/56; zikijumlishwa zinatoa 56/56, na hapo mnajua kwamba hakuna tawi lililosahaulika katika mchoro wa mti, yaani mchoro unaoonyesha kila njia kama tawi. Orodha hiyo inaonyesha pia kwa nini jibu la "rangi tofauti" ni 30/56, wala si 15/56: njia ni mbili.

Lipo jambo moja ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika mada hii. Tafuteni uwezekano wa gololi ya pili kuwa nyekundu bila kujua rangi ya ya kwanza: 20/56 + 15/56 = 35/56, yaani 5/8, sawasawa na ile ya kwanza. Kuitoa gololi na kuiweka kando bila kuitazama hakubadilishi uwezekano wa inayofuata. Kinachoubadilisha ni kuijua rangi yake. Ndiyo maana katika kura ya kuchomoa vikaratasi, anayechomoa mwisho hapunjwi.

Ukubwa wa mfuko nao una uzito wake. Kwa gololi 8, nyekundu mbili mfululizo ni 0.3571 bila kurudisha na 0.3906 kwa kurudisha, tofauti isiyoweza kupuuzwa. Mfuko ukiwa na gololi 8,000, nyekundu zikiwa 5,000, njia zote mbili hutoa 0.3906 kwa desimali nne.