Breki zilizonyamazishwa Wootton Bassett

SWALI: Nimesikia kwamba Machi 2015 treni ya mvuke yenye abiria ilipita taa nyekundu Wootton Bassett, Uingereza, ingawa ilikuwa na mitambo ya kuisimamisha. Mitambo hiyo ilishindwaje?

JIBU: Haikushindwa. Iliondolewa kazini na waliokuwa ndani ya kichwa cha treni.

Reli za Uingereza zina ulinzi wa aina mbili kuu. AWS, mfumo wa kumwonya dereva, ni sumaku zilizolazwa katikati ya reli, kwa kawaida mita 180 hivi kabla ya taa. Taa ikiwa ya kijani, dereva husikia kengele. Ikiwa ya njano au nyekundu, honi hulia, naye ana kama sekunde mbili kubonyeza kitufe. Akichelewa, breki hushika zenyewe. TPWS, mfumo wa kuisimamisha treni, iko kwenye taa yenyewe: treni ikipita nyekundu, breki hushika hata kama honi iliitikiwa.

Siku ile honi ililia kwa sababu ya kibao cha kupunguza mwendo kwa muda, maana vibao hivyo navyo huwekewa sumaku. Kitufe hakikubonyezwa kwa wakati, breki zikashika. Hapo kanuni ni kuacha treni isimame kabisa, kisha kumpigia mwongozaji wa ishara (anayeendesha taa za njia). Badala yake iligeuzwa koki (vali) ya kutenga AWS, yaani kuizuia isishike breki, ili treni iendelee na safari. Koki hiyo hiyo iliinyima TPWS nguvu ya kushika breki, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko kuchelewa kubonyeza.

Mbele zaidi treni ilipita taa nyekundu, ikasimama ikiwa imeziba makutano ya njia. Treni ya Swansea kwenda London ilikuwa imepita hapo chini ya dakika moja kabla. Hakuna aliyeumia.

Koki ya namna hii inafaa ifungwe kwa waya wenye lakiri, na lakiri ikaguliwe kabla ya kila safari. Ikikutwa imekatwa, kichwa hicho kisiondoke.

SWALI: Dereva akigundua amepita nyekundu, arudi nyuma?

JIBU: Hapana, hata mita moja. Magurudumu huenda yamezisukuma kwa nguvu reli za kugeuzia njia zilizokuwa zimepangwa upande mwingine. Ukirudi, behewa linaweza kuacha reli. Simama, bonyeza kitufe cha dharura cha redio ili treni za jirani nazo zisimame, sema uko wapi, kisha subiri maelekezo ya mwongozaji.