Diploma ya KMTC na leseni ya tiba kazi Texas

Dada, umeuliza kama wifi yako mwenye diploma ya tiba kazi (occupational therapy) ya KMTC, kile chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, anaweza kuanza Texas kama msaidizi halafu apande taratibu. Hapana, na hapo ndo wengi wanajikwaa. Mtihani wa wasaidizi wa NBCOT, bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya tiba kazi, ni wa waliomaliza kozi za wasaidizi zilizoidhinishwa Marekani tu, so diploma ya nje haimwingizi hata iwe nzuri vipi. Njia yake ni ya mtaalamu kamili, aombe kwanza OTED, yaani ukaguzi wa sifa za wataalamu waliosoma nje, huko huko NBCOT, watapima masomo yake, mafunzo ya vitendo na Kiingereza, wakikubali ndo anafanya mtihani. Na kufaulu bado sio leseni! Leseni ni ya jimbo, kila jimbo na bodi yake. Texas wana na kamtihani ka sheria zao, halafu kurenyu kila miaka 2 na masaa 24 ya masomo. OTED ikigoma asome kozi ya msaidizi huko huko Marekani, ila ajue msaidizi anafanya kazi chini ya usimamizi wa mtaalamu, hajitegemei. Transkripti aanze kuziomba sasa hivi, vyuo vyetu unavijua kwa kuchelewesha.