Usilipe hiyo pesa ya tamthilia, mdogo wangu

Rudisha hizo dola mfukoni kwanza. Unafungua programu ya video hapa Lubumbashi, umepata tamthilia moja isiyoonekana kwingine, sehemu kumi, unataka kuziachia zote siku ya ufunguzi. Halafu unatuuliza bei ya mwezi na kama watu walipe kwa Airtel Money ama M-Pesa! Bei siyo ugonjwa wako.

Mimi nilipita hapo hapo. Pesa ya kiwanja cha Kampemba yote iliingia kwenye tamthilia moja, haki za peke yangu, mkataba umejaa mihuri. (Mihuri bado ninayo, mizuri sana.) Siku za kwanza simu haikutulia, meseji za malipo mpaka usiku, vijana wa Katuba wanabishana juu ya yule mjomba mwongo wa sehemu ya nne. Muda si muda wakamaliza zote. Mwezi ulipogeuka, kimya. Nikapigia wateja kuuliza mbona hawalipi tena. Mama mmoja akanijibu kwa upole kabisa: "Papa, tulisha kuona. Kuko ingine?"

Haikuwako. Mboga tamu bila bukari, yaani bila ugali: watu wameonja, wamesifu, wameenda kushibia kwa jirani.

Na hiyo "peke yangu" usiitegemee sana. Kabla mwezi haujaisha niliikuta inauzwa kwenye flashi kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Muuzaji alinipunguzia bei, Mungu ambariki.

Aliyenipoteza ni mshauri mmoja wa suti nzito katikati ya joto la Oktoba. Alinifungulia kompyuta: ona Netflix, programu kubwa ya video ya Marekani, mwaka 2013, tamthilia yao House of Cards, sehemu 13 siku moja, fanya kama wao. Akachukua chake akaenda. Hakuniambia kwamba nyuma ya hizo 13 Netflix walikuwa na ghala zima la filamu na vipindi vya watu wengine, mteja akimaliza kimoja anaangukia kingine. Na hata hao hao, mwaka 2022 msimu wa nne wa tamthilia yao Stranger Things waliukata vipande viwili, kimoja Mei, kingine Julai. Anayetaka kujua mwisho ilibidi abaki. Disney+, programu nyingine kama hiyo, ilipofunguliwa Novemba 2019, tamthilia yake The Mandalorian ilitoka kidogo kidogo, sehemu 8 mpaka karibu mwisho wa Desemba, na hao walikuwa na katuni za miaka na miaka za kuwashikilia watoto. Sisi tuna nini? Mihuri.

Kwa hiyo, kitu cha peke yako kinamleta mtu. Kinachomfanya alipe mwezi wa pili ni kingine kilichoanza kabla hajamaliza cha kwanza. Pesa hiyo hiyo igawe: tamthilia ndogo mbili au tatu, sehemu moja kwa wiki, ya pili ianze wakati ya kwanza imebakiza sehemu mbili. Chini yake jaza michezo ya kuchekesha na filamu za zamani, hata zinazopatikana kwingine, ni rahisi. Tena mwenye mega chache za intaneti atafuata sehemu moja kwa wiki bila kuumia. Kumi kwa mkupuo atamwachia mwenye flashi.

Mambo ya Airtel Money wengine watakujibu. Mimi niambie: ya pili imeshapigwa picha, au mwenye tamthilia bado "anaandika"?