Uliza Mfamasia: Nimeanza dawa ya gauti, mbona maumivu ndo yamezidi?

Barua za gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma ghafla, zimekuwa nyingi, hivyo leo nimezipa safu nzima. Zote zinahusu dawa za familia moja, zile zinazofanya kazi kwa kuzuia vimeng'enya mwilini, au enzaimu kama wengi tunavyosema, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemikali mwilini.

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni dereva wa lori, naenda Tunduma na kurudi, nina miaka 47. Dole gumba la mguu wa kulia lilikuwa linavimba usiku hata shuka likigusa nalia, nikawa nachoma diklofenaki maisha yanaendelea. Mwaka huu daktari kanipima damu kasema yuriki asidi iko juu, kaniandikia alopurinoli. Nimemeza kama wiki mbili hivi nikashikwa vibaya kuliko mwanzo, safari hii mpaka goti. Wenzangu wanasema hiyo dawa ni ya kansa, na kweli nimeangalia kwenye simu nikakuta kansa imetajwa. Niache nirudi kwenye sindano zangu? – Dereva, Mbeya

JIBU: Pole sana kaka. Kama hujatoka vipele, huna homa wala vidonda mdomoni, usiiache mwenyewe kienyeji, rudi kwa aliyekuandikia, wiki hii hii, umwambie umeshikwa. Nakuomba hivyo manake wengi wanaiacha hapo hapo ulipofikia wewe, halafu baada ya miaka wanakuja na vinundu kwenye vidole na figo zimechoka.

Hiyo diklofenaki yako na alopurinoli zote zinazuia kimeng'enya, ila kila moja na chake. Diklofenaki, kama ndugu zake ibuprofeni na aspirini, inakizuia kile kinachotengeneza prostaglandini, yaani kemikali zinazoleta uvimbe, joto na maumivu. Kwa hiyo ukichoma unapata nafuu ya kweli, sikatai, lakini yuriki asidi kwenye damu yako haijaguswa kabisa, iko pale pale, na kila ikizidi kiwango damu inachoweza kuibeba inaganda kwenye viungo kuwa chembe nyembamba zenye ncha kama sindano, na kinga ya mwili ikiziona inazivamia, hapo ndo unaamka saa nane usiku mguu unawaka.

Alopurinoli inaenda nyuma zaidi, pale asidi yenyewe inapozaliwa. Mwili una kimeng'enya kinaitwa zanthini oksidezi, kazi yake ni kuchukua mabaki ya seli na ya chakula (maini, figo, supu ya utumbo, dagaa, bia) na kuyamalizia kuwa yuriki asidi. Alopurinoli imefanana sana na hayo mabaki, hivyo kimeng'enya kinaikamata kikidhani ni kazi ya kawaida, kinaibadilisha kuwa kitu kinaitwa oksipurinoli, na hicho kinang'ang'ania mle ndani kama ufunguo uliovunjikia kwenye kitasa. Yaani kimeng'enya kinajitengenezea chenyewe kizuizi chake! Alopurinoli yenyewe inaisha mwilini ndani ya masaa machache tu lakini oksipurinoli inakaa karibu siku nzima, ndo maana kwa kawaida unameza mara moja kwa siku. Mabaki yasiyomaliziwa figo zinayatoa kwenye mkojo.

Sasa mbona umezidiwa? Kwa sababu dawa imeanza kufanya kazi. Asidi ikishuka kwenye damu, zile chembe zilizoganda miaka na miaka zinaanza kumomonyoka na kuachia vipande ndani ya kiungo, na kinga inavivamia upya. Hili linajulikana, na ndo maana ilitakiwa upewe pamoja na kolkisini kwa dozi ndogo, au dawa nyingine ya kutuliza uvimbe, miezi mitatu hadi sita ya mwanzo. Muulize daktari wako kuhusu hiyo kolkisini. Muulize pia umeanza na miligramu ngapi, inatakiwa 100 au chini ya hapo kama figo haziko sawa, kisha inapandishwa taratibu huku damu inapimwa, mpaka asidi ishuke chini ya 6 (maabara nyingine zinaandika 360, ni kipimo kingine tu). Kuna watu wameachwa kwenye 100 miaka mingi bila kupimwa tena, wanalalamika dawa haifanyi kazi, kumbe dozi haijafika. Na kama unameza dawa ya presha ya kukojoza maji mtajie, baadhi yake zinapandisha yuriki asidi.

Kitu kimoja ndo kikufanye uache papo hapo bila kumuuliza mtu: vipele, ngozi kuchubuka, vidonda mdomoni au macho kuwa mekundu, iwe kuna homa au hakuna. Ni nadra, ila kwa mtu mwenye bahati mbaya ngozi yote inaweza kubabuka na anaweza kufa, na hutokea zaidi wiki na miezi ya mwanzo. Ukiona hivyo ni hospitali moja kwa moja.

La kansa wenzako hawajalitoa hewani, ila wamelipindua. Miaka ya 1950 kule Tuckahoe, jimbo la New York, kwenye maabara ya kampuni ya Burroughs Wellcome, alikuwepo mwanamama anaitwa Gertrude Elion akifanya kazi na George Hitchings. Walikuwa wameshatengeneza merkaptopurini, dawa ya kansa ya damu iliyowapa watoto muda ambao hawakuwa nao kabla, lakini zanthini oksidezi ilikuwa inaiharibu mwilini. Wakatafuta kitu cha kukizuia hicho kimeng'enya ili dawa ya kansa idumu zaidi, wakaishika alopurinoli. Wagonjwa walipopewa, yuriki asidi yao ikaporomoka, na Elion na wenzake wakaona hapa kuna dawa ya gauti. Marekani iliidhinishwa mwaka 1966. Elion alianza kwa kunyimwa kazi za maabara kwa sababu ni mwanamke, na hakuwahi kumaliza masomo ya PhD, lakini mwaka 1988 yeye na Hitchings wakapewa Nobel ya tiba pamoja na James Black. Mi kila nikihesabu vidonge vya alopurinoli namkumbuka huyu mama, na natamani wasichana wetu wa kemia wamjue.

Kwa hiyo haiui seli za kansa kaka, na kumeza kwako hakumaanishi una kansa. Nyama na bia punguza, maji kunywa, ila usijilaumu sana, kwa watu wengi wenye gauti shida kubwa ni figo kutoitoa asidi ya kutosha, na hilo mara nyingi linatokana na kurithi.

SWALI: Sasa dada, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Eldoret. Kama wanasayansi washajua kimeng'enya gani kinaleta ugonjwa, kwa nini wasitengeneze dawa ya kukifunga kabisa na mambo yaishe? Mbona inachukua miaka na miaka? – Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Mdogo wangu, kukipata cha kufunga kimeng'enya kwenye chupa ya maabara ndo sehemu rahisi. Ugumu ni kwamba kimeng'enya hicho hicho kina kazi nyingine halali mwilini.

Chukua hizo dawa za maumivu. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini inazuia utengenezaji wa prostaglandini, akashiriki Nobel ya 1982. Baadaye ikaja kujulikana kumbe kimeng'enya kipo cha aina mbili, COX-1 kinacholinda utando wa tumbo, na COX-2 kinachopanda zaidi pale penye uvimbe. Wazo likaja lenyewe: funga COX-2 peke yake, maumivu yaondoke na tumbo libaki salama. Zikatoka dawa za hivyo, mojawapo Vioxx ya kampuni ya Merck, 1999. Tumbo kweli halikuumia sana kama kwa zile dawa za zamani. Lakini COX-2 ilikuwa inafanya kazi nyingine kwenye kuta za mishipa, inasaidia kutengeneza kemikali inayozuia damu isigande ovyo, na ile ya kugandisha inatoka upande wa COX-1 ambao haujafungwa, mizani ikavurugika. Septemba 2004 Vioxx ikatolewa sokoni dunia nzima baada ya utafiti kuonyesha imeongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Watu waliumia, na mimi naona hilo ndo somo zito kuliko yote kwenye aina hii ya dawa.

Hata kwenye gauti ipo febuksostati, inazuia zanthini oksidezi ile ile kwa umbo tofauti. Utafiti wa 2018 ukakuta vifo vya moyo vingi zaidi ukilinganisha na alopurinoli, Marekani ikaweka onyo kali 2019, halafu utafiti mwingine mkubwa wa Ulaya uliotoka 2020 haukuiona hiyo hatari. Bado inatumika, ila kwa tahadhari kwa wenye ugonjwa wa moyo. Unaona miaka inakokwenda?

Halafu kuna wanyama wa majaribio. Akira Endo wa kampuni ya Sankyo huko Japani alipima maelfu ya kuvu akitafuta kitakachozuia kimeng'enya cha kutengeneza kolesteroli, na mwaka 1973 akakipata kwenye kuvu la kibuluu la jamii ya Penicillium. Wakawapa panya, kolesteroli haikushuka! Dawa ilikaribia kutupwa. Mwenzake kazini alikuwa na kuku wa mayai wa majaribio, wakajaribu kwa kuku, kolesteroli ikashuka karibu nusu. Kumbe panya mwili wake unafidia kwa kutengeneza kimeng'enya zaidi. Hiyo dawa ya kwanza yenyewe haikufika sokoni, ila njia aliyoifungua ndo ikazaa statini zote, hizi dawa za kushusha kolesteroli, ya kwanza ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987, na leo ziko mpaka kwenye duka la dawa la mtaani kwenu. Kama unasoma baiokemia, hapo pa panya na kuku pasome mara mbili.

SWALI: Shikamoo dada. Mama yangu ana lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, anatumia azathioprini ya kutuliza kinga mwaka wa tatu sasa. Juzi vidole vya mguu vimemvimba, jirani ambaye ana gauti akampa alopurinoli zake, amemeza siku nne. Anasema anajisikia mchovu sana. Naomba ushauri. – Binti, Tabora

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimekujibu kwa simu siku ile ile, hapa naiweka kwa ajili ya wengine. Azathioprini ikiingia mwilini inageuka kuwa merkaptopurini, ile ile dawa ya Elion, na kinachoisafisha ni zanthini oksidezi. Ukikifunga kwa alopurinoli, dawa inarundikana mara kadhaa ya dozi na kuua seli za damu kwenye uboho, seli nyeupe zinashuka, mtu anabaki hana kinga. Madaktari bingwa wakilazimika kuzitoa pamoja wanapunguza azathioprini mpaka robo na kupima damu mara kwa mara, nyumbani hili halifanyiki.

Kwa yeyote mwenye mgonjwa wa hivyo: alopurinoli isimame leo, na azathioprini msimeze nyingine mpaka daktari aseme. Nendeni hospitali leo hii na pakiti zote mbili mkononi, waambieni wapime picha kamili ya damu, figo na ini, na muwaambie siku ngapi amezichanganya. Akiwa na homa, vidonda mdomoni, au anatoka damu puani au kwenye fizi, ni dharura, usiku au mchana. Na kuvimba kwa vidole kwa mgonjwa wa lupasi kunaweza kuwa lupasi yenyewe, siyo gauti, ndo maana kunahitaji kupimwa kabla mtu hajameza chochote.